Neno Nililomsahihisha Mama Yako

Zaina mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi, tukapeana tena uliporudi kutoka sokoni, kwa hiyo leo sianzi na salamu. Nimekaa kwenye kiti changu hapa mlangoni, mgongo ukutani, na wewe na mama yako mko chumbani mnafunga mizigo. Mnadhani nasoma gazeti. Jua bado lipo na nataka nimalize kabla ya chakula. Nikichoka nitapumzika kidogo kisha nitaendelea, basi ukiona mwandiko umebadilika katikati, usidhani ameandika mtu mwingine.

Jana uliniuliza swali. Ulisema, "Baba, sema neno moja tu, nabaki." Sikukujibu. Nilikuomba maji, ukaniletea, nikanywa polepole mpaka mama yako akakuita. Nilikusikia vizuri. Wewe kesho unapanda basi la Kitgum, huko kaskazini, kwenda kuanza kazi yako ya ualimu, na mimi keshokutwa nalazwa ili nipasuliwe mbavu. Umeona si haki mambo mawili haya kufuatana hivyo, ukataka moja lisubiri. Hospitali haitasubiri, foleni yake unaijua, kwa hiyo ulitaka usubiri wewe. Barua hii ndiyo jibu langu. Sitaliweka huku juu, kwa sababu nakujua: ukishalipata jibu hutasoma mengine.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Kuchemsha maji, kufunga mlango, kutomwamini kila anayekuita dada, hayo mama yako ameyasema tangu wiki iliyopita na hajamaliza. Hivi sasa nawasikia mnagombania odii, ile siagi ya karanga na ufuta.

"Mama, Kitgum ndiko odii inakotoka! Unanipa odii nipeleke Kitgum?"

"Ile ya huko wewe hajui nani nasaga. Beba."

Utaibeba. Mimi nimeishi naye, nakuambia utaibeba.

Watu wananiuliza kama naogopa. Ssalongo, bosi wetu, ameniuliza kule karakana, imamu ameniuliza, hata yule mama wa chapati pale kona ameniuliza huku anageuza chapati. Wote nimewajibu hapana, na sikuwa nawadanganya. Sihisi kitu. Nilidhani mtu akiambiwa atafunguliwa kifua atakosa usingizi, lakini usingizi mimi nilishaukosa zamani kwa sababu nyingine. Nakula, natazama watu wakipita, nasikia redio ya jirani. Niko kama mkono uliolaliwa: unauona, ni wako, unaufinya, hauna habari. Usinisifu kwamba ni ujasiri, maana sivyo. Nakuambia ilivyo tu.

Nataka nikueleze jinsi jambo lenyewe lilivyoanza. Mwisho wake uliuona kwenye ile skrini ya hospitali, lakini mwanzo uliusikia kwa vipande tu, na mama yako anausimulia kwa kucheka.

Mji huu wa Kampala nilifika nikiwa utingo wa lori la chumvi kutoka Tanga. Lori likafa injini hapa Katwe, na wakati tunasubiri fundi nikapata kibarua cha kubeba mabati. Lori lilipopona, mimi nikabaki. Sikuwa na kitu cha kuwazidi watu wa hapa. Kiganda sikukijua. Kiingereza nilikiacha darasa la tano, na chenyewe kilikuwa kimeniacha mapema zaidi. Nilichowazidi ni Kiswahili peke yake. Hapa Kiswahili kilikuwa cha askari na cha watu wa mipakani, wengine wanakiogopa, wengine wanakicheka. Mimi nilikivaa kama kanzu ya Idi. Mtu akikosea neno mbele yangu, nilimsahihisha kabla hajafunga mdomo.

Mama yako nilimkuta akiuza uji asubuhi mbele ya karakana. Mtoto wa askari, amezaliwa kambini, na Kiswahili chake kimezaliwa humo humo. Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe nataka uji ama nasimama tu?"

Nikamwambia, "Sema hivi: wewe unataka uji au umesimama tu?"

Akanitazama toka viatu mpaka kofia. Akasema, "Mimi nauza uji, sio kuuza Kiswahili. Kunywa ama toka."

Ndivyo nilivyooa.

Sikuacha kumsahihisha hata baada ya ndoa. Ilikuwa kama mchezo wetu. Yeye alikuwa ananiambia, "Kiswahili yako ni ya redio, Mtanzania, haina damu," na mimi nikawa nasema, "Hakina damu," na yeye anasema, "Nani ameuliza?" Tulicheka. Lakini ukicheza mchezo ule ule miaka mingi, mwisho hukumbuki tena kwamba ni mchezo. Nilifika mahali ambapo mama yako akisema kitu, nasikia makosa kwanza, na maana baadaye, na siku nyingine maana siifikii kabisa.

Yale mabomba ya chuma ya karakana yalinipiga wewe ukiwa shule ya bweni. Mvua ilikuwa imenyesha, tumebeba mabomba mafungu mawili, mwenzangu wa mbele akateleza kwenye tope, na mzigo wote ukanirudia shingoni upande wa kushoto. Bega na shingo vikavimba. Tulikwenda hospitali mimi na mama yako. Daktari alikuwa kijana, amechoka, na nyuma yetu kulikuwa na watu wengi. Aliinua picha ya kifua changu kwenye mwanga akazungumza Kiingereza chake haraka haraka. Mama yako akamsikiliza, kisha akanigeukia.

"Nasema mfupa hakuna kuvunjika. Lakini hii kitu ya chini ya pafu, ya kushoto, imepoza. Turudi tena, yeye aone."

Na mimi, mwanangu, mbele ya daktari na mbele ya foleni yote ile, nikasema: "Mama Zaina, haisemwi imepoza. Kupoza ni kupoza chai. Inasemwa imepoa."

Akamtazama daktari. Halafu akasema, "Haya. Imepoa. Wewe ndio mwenye lugha."

Watu wa foleni wakacheka. Mimi pia nikacheka, ingawa bega liliuma.

Neno alilokuwa analitafuta ni imepooza. Alikuwa amebakiza herufi moja afike, na mimi nikamshika mkono nikamrudisha nyuma, nikampeleka mahali pengine kabisa. Yeye alileta habari kwamba kitu kimekufa ndani yangu, mimi nikaipokea kama habari kwamba nimepona. Na nikaipokea kwa furaha. Njiani alinikumbusha, "Amesema turudi." Nikamjibu, "Turudi kufanya nini na kitu kimeshapoa?" Hakubisha. Nani angebisha? Mwenye lugha ameshasema.

Baada ya hapo ikaja miaka unayoijua na usiyoijua. Unayoijua ni kwamba baba alizeeka ghafla. Usiyoijua ni mambo madogo. Kuinama kufunga kamba za viatu kulinishinda, nikaanza kuvaa ndala mpaka kazini. Nikila posho, ugali wa hapa, nikashiba, nahema kama niliyepanda mlima, kwa hiyo nikawa nasema sina njaa. Nikiinua ndoo ya kuogea lazima nisimame kwanza, nishike ukuta, nijifanye naangalia kitu. Katwe utani hauishi, wakaniita Mvukuto. "Mvukuto, vuta pole, moto utatuunguza!" Nilicheka nao. Ssalongo, ambaye ni bosi lakini ni mtu, alikuwa anasema, "Mzee, enda rara kidogo." Kulala ndiko hasa kulikonishinda. Nikilala chali nilihisi mtu amekuja kukaa juu ya kifua changu, mtu mzito asiye na haraka. Mama yako aliongeza mito, akaongeza tena, mwisho akaleta hiki kiti akasema, "Kaa hapa, lala hapa, mimi nataka kulala pia, wewe napumua kama ng'ombe nakimbizwa."

Duka la dawa likanipa pampu ya pumu. Sikuwa na pumu. Nilipimwa kifua kikuu, hakipo. Jirani akaleta majani ya kuchemsha, nikanywa, yakanipa kuhara tu. Mwingine akasema kuna mtu kazini ananionea wivu. Mtu aone wivu wa nini, wa kubeba bati? Na katika safari zote hizo, kila daktari na kila mwenye dawa aliponiuliza kama niliwahi kuumia, nilisema hapana. Sikulitaja lile bega hata mara moja. Ningelitaja kwa nini? Lilishapoa.

Wewe ndiye uliyenipeleka kwingine ulipomaliza chuo cha Kyambogo. Ile siku ya chumba cha picha naikumbuka yote. Walinisimamisha kifua wazi mbele ya ile mashine baridi, wewe umevaa lile koti zito wanalowavisha watu, na yule wa mashine akasema kitu kwa Kiingereza. Ukaniambia, "Baba, anataka unuse kwa ghafla. Nusa kama umesikia kitu kinaungua."

Nikanusa.

"Tena, baba."

Nikanusa tena. Mimi sikuona skrini, nilikuona wewe. Kwanza uso wako ulikuwa wa mtu anayetafsiri, kisha ukawa wa mtoto. Baadaye ulinieleza. Nilipovuta pumzi, upande wa kulia ulishuka kama unavyotakiwa, kufungulia pafu nafasi. Upande wa kushoto ukapanda. Kila nilipovuta hewa, upande mmoja wa mwili wangu ulikuwa unaiba kutoka kwa mwenzake.

"Kinaitwa kiwambo," ulisema. Mimi kiwambo nilichokijua ni ngozi ya ngoma tu. "Kiko chini ya mapafu, ndicho kinachofanya kazi ya kupumua. Chako kimepooza upande mmoja, baba. Mshipa wa fahamu unaokiendesha unapita shingoni, na uliumia."

Mama yako alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. Akasema, "Imepoza. Si mimi nilisema? Mimi nilisema imepoza, yeye nasema imepoa."

Hakuna aliyecheka. Wewe uliniangalia, yeye alikuwa anaangalia mkoba. Nilisubiri aibu inishike. Haikuja. Nilisubiri hasira, nayo haikuja. Nikavaa shati. Nadhani ni hapo ndani yangu paliponyamaza, na mpaka leo hapajasema kitu.

Yule daktari wa upasuaji nilimpenda, ingawa hakusema jambo zuri hata moja. Unakumbuka alivyochukua kile kitambaa cha mezani kwake. Alikishika ncha mbili kikiwa kimelegea, akakipuliza kwa chini, kikapanda. Akasema, "Hiki ndicho cha kwako." Kisha akakikunja mikunjo midogo midogo, mmoja juu ya mwingine, akaibana kwa vidole na kukipuliza tena. Hakikupanda. Wewe ulianza kunitafsiria, nikakwambia basi, nimeelewa. Katwe nimetengeneza masanduku ya wanafunzi maisha yangu yote. Bati bapa linapepea, ukilipiga mikunjo linasimama. Huongezi kitu, unalikunja tu. Yeye atapita katikati ya mbavu zangu, akikunje kiwambo kilicholegea, akishone kwa nyuzi ngumu, kikae chini kimekazwa.

Nilikuomba umuulize kama kitaamka. Alitikisa kichwa. "Hatukifufui," alisema. "Tunakizuia kisipande."

Hilo nimelifikiria sana humu kitini. Nilikuwa nadhani kilichokufa ndicho kinachonimaliza. Kumbe ningeweza kuishi na kilichokufa, kama kingekaa mahali pake. Kinachonimaliza ni kwamba kila mara kinamsukuma aliye hai. Sikuandikii hili liwe fumbo la kitu kingine. Ila kama umri wako ukifika huku, na kuna kitu ndani yako hakifufuki, utakumbuka kwamba kuna mafundi ambao kazi yao ni kukituliza tu, na kwamba hiyo nayo inatosha mtu kulala kitandani.

Ulimuuliza mwenyewe swali lingine, na ukajaribu kunifichia jibu. Kiingereza sijui, lakini uso wako nausoma. Nilikulazimisha ukasema. Mtu anaweza kutokwa damu nyingi. Anaweza kupata homa ya mapafu baadaye, kwa sababu anaogopa kukohoa na mshono. Mbavu zinaweza kuuma muda mrefu. Na anaweza kuvumilia yote hayo halafu pumzi ikaongezeka kidogo tu. Nusu kaputi yenyewe, kwa mtu anayepumua kwa upande mmoja, ina mashaka yake. Alisema pia kwamba hata kama tungerudi hospitali mapema, pengine wangesubiri tu kuona kama mshipa utaamka. Mingine huamka, mingine haiamki. Kwa hiyo huenda neno langu lile halikubadilisha kitu. Wewe ulishika hapo kwa nguvu, uliniambia mara nyingi njiani, "Umesikia, baba? Huenda halikubadilisha kitu." Nimesikia. Huenda. Mabomba niliyobeba baada ya hapo, huku nikijua nimepona, hayo najua yalikuwa mazito.

Sasa nikuambie kitu ambacho hakiko kwenye picha yoyote.

Ulipokuwa mdogo, darasa la pili hivi, ulirudi nyumbani mbio, umejaa hadithi mpaka viatu vinakutoka. Ukasema kwa Kiswahili, kwa sababu ulijua Kiswahili ndiyo zawadi ya baba: "Baba! Mbuzi ya Hajati nakula viatu ya mwalimu!" Nikakwambia, "Mbuzi wa Hajati amekula viatu vya mwalimu." Ukasimama. Ukarudia polepole, vizuri, kila kitu mahali pake. Nikakusifu. Kisha ukaenda kucheza.

Mpaka leo sijui ilikuwaje mbuzi akavifikia viatu vya mwalimu. Mwalimu alikuwa pekupeku kwa nini? Alirudi nyumbani vipi? Hadithi yako niliichukua, nikaipiga msasa, nikakurudishia ikiwa safi na imekufa. Baada ya mwaka huo ulinijibu kwa Kiganda tu. Nikikuuliza kwa Kiswahili, unajibu kwa Kiganda, na kwa mama yako unasema chochote mnachosema, mnacheka, na mimi nikiingia mnanyamaza. Nilidhani watoto wa Kampala ndivyo walivyo.

Kisha ukaenda Kyambogo, na kati ya masomo yote ukachagua kufundisha Kiswahili. Nilijisifu Katwe nzima. Nikasema, damu imerudi kwa mwenyewe. Nikakuuliza kwa nini ulikichagua, nikitegemea utasema ni kwa ajili yangu, na kweli ulisema ni kwa ajili yangu. "Nilitaka siku moja nikusahihishe wewe." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Na hukuchelewa. Jioni ile ile, tukiwa kwenye chakula, nilisema "masaa mawili," ukasema, "Saa mbili, baba. Saa haina wingi huo." Niliuma tonge, nikameza, nikakuambia asante. Liliuma, si kidogo. Ni hapo nilipojua ladha ya kitu nilichowalisha ninyi miaka yote.

Huko uendako utakuwa na kalamu nyekundu. Watoto wa Kitgum watakuja na Kiswahili cha babu zao walioshika bunduki, cha redio, cha madereva wa malori ya Juba. Watazungumza kama mama yako. Sisemi usiwasahihishe, ndiyo kazi uliyoajiriwa, na mtihani hauna huruma. Lakini mtoto akija mbio ana neno mdomoni, mwache kwanza afike nalo anakokwenda. Ngeli haitakimbia. Yeye ndiye atakayekimbia.

Basi, nimehubiri, na sikukusudia kuhubiri. Nirudi kwenye swali lako.

Mimi nina kaka, humjui, yuko Korogwe. Baba yetu alipougua miguu, mmoja wetu alitakiwa abaki. Mimi nikapanda lori, yeye akabaki. Alikuwa amepata kazi ya reli, akaiacha. Watu wote walimsifu. Baba hakufa mapema kama walivyotarajia, aliishi miaka mingi kitandani, na kaka yangu akamlaumu kwa kila mwaka aliouishi. Hakusema kwa mdomo. Aliweka sahani chini kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Niliporudi mara moja kuwaona, baba alikuwa anaomba maji kwa sauti ya mtu aliyevunja kitu cha watu. Sijamsahau. Jana nilipokuomba maji niliisikiliza sauti yangu. Haijafika huko. Nataka isifike.

Hiyo ni sababu moja, na ingetosha. Lakini kuna nyingine, nimeijua leo tu, na ndiyo hasa iliyonikalisha niandike.

Leo ulipokwenda sokoni, mama yako alinitolea shati la kwenda nalo hospitali, lenye vifungo, kwa sababu walisema nisilete la kupitishia kichwani. Nikawa najaribu kulifunga. Vifungo vinakataa. Mama yako amesimama, ananitazama.

"Wewe naogopa?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

"Mkono yako nacheza."

Nikatazama. Mkono ulikuwa unatetemeka, Zaina, vidole vyote, kama vya mlevi wa asubuhi. Sikuwa na habari nao. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Nikataka kumwambia kitu, machozi yakatoka, hivi hivi, bila mimi kuhisi huzuni yoyote. Mama yako hakusema pole. Alikaa karibu yangu akaanza kunifungia vifungo kutoka chini.

Hapo tukasikia hatua zako nje, na ufunguo. Na mkono ukatulia. Sikuutuliza mimi, ulitulia wenyewe, ukalala gotini kama mkono wa mzee anayepunga upepo. Machozi nikayafuta na kola. Ulipoingia ulinikuta natabasamu, ukasema, "Baba, shati limekupendeza," ukapita na nyanya zako.

Mama yako aliutazama mkono, akautazama mlango uliopitia wewe. Akasema polepole, "Aaa. Kumbe ni huyu."

Nimekaa na maneno hayo toka saa ile. Nikayaacha kama alivyoyasema, sikuyagusa, na yameniingia. Kumbe sikupoteza hofu yangu. Nimeikalia. Tangu ile siku ya skrini, ulipogeuka mtoto mbele ya macho yangu, nimekuwa natulia kwa ajili yako, kutwa kucha, mpaka mimi mwenyewe nikaamini kwamba ndani hamna mtu. Ukibaki, utakuwa pale koridoni ukiwa umenikazia macho, na mimi nitakwenda kwenye meza ya upasuaji nikiwa nimetulia hivi hivi. Daktari amesema baada ya mshono lazima nivute pumzi ndefu, nikohoe, nilie ikibidi, nisibane kifua. Mbele yako nitabana. Najijua. Mbele ya mama yako sitaweza kubana, alishaniona nilivyo.

Nawasikia mmemaliza kufunga. Anakuita uje uonje chumvi ya mchuzi. Nitakupa barua hii kesho ukiwa umeshakaa kwenye kiti chako, na dereva amewasha gari, ili usishuke.

Jibu langu ni nenda. Usibaki siku moja, usibaki nusu siku. Nenda, mwanangu, nami nipate kuogopa.

Baba yako